Salvo D'Acquisto, Askari Aliyejitoa kwa ajili ya Wengine

1. Mtoto wa Napoli

Napoli ni mji mkubwa wa Italia, kando ya bahari. Karibu na mji huo unasimama mlima wenye moto ndani, jina lake Vesuvio. Watoto wa Kivu wanaweza kuuwaza mlima huo upesi, kwa maana wao wanaijua Nyiragongo, ambayo mara nyingi usiku inawaka nyekundu juu ya mji wa Goma.

Huko Napoli alizaliwa Salvo D'Acquisto, tarehe 15 Oktoba 1920. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Baba yake alifanya kazi ya mshahara, na mama yake alitunza nyumba na watoto. Salvo alikuwa mzaliwa wa kwanza. Mzaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto wengi anajifunza mapema mambo mawili: kungoja hata wadogo wake washibe, na kujibu kwa ajili yao wanapokosa.

Salvo alikuwa mtoto mtulivu. Hakupenda makelele wala ugomvi. Husimuliwa kwamba siku moja, wakati wa baridi, alikuwa akirudi nyumbani kutoka shule. Njiani akamwona mtoto masikini anayetembea bila viatu. Katika nchi za Ulaya baridi ya namna ile inauma miguu kama moto. Salvo akavua viatu vyake, akampa mtoto yule, kisha akaenda zake nyumbani miguu mitupu. Viatu havikuwa vingi katika nyumba yao. Lakini Salvo aliona mguu wa mwenzake kwanza, wake baadaye.

Jamaa yake walikuwa Wakristu waaminifu. Salvo alijifunza kusali pamoja na mama yake, na desturi hiyo hakuiacha alipokuwa mtu mzima.

2. Salvo anakuwa askari

Katika nchi ya Italia kuna askari wanaoitwa Carabinieri. Jeshi lao lilianzishwa mwaka wa 1814. Nguo zao za heshima ni nyeusi, na suruali ina mstari mwekundu kandokando. Kazi yao ni mbili: wakati wa vita wanakwenda pamoja na majeshi mengine, wakati wa amani wanakaa katika miji na vijiji, wanashika wezi, wanaamua ugomvi, wanalinda watu na mali yao. Kijiji kidogo kinaweza kuwa na askari watano au sita tu, pamoja na mkubwa wao. Watu wote wanawajua kwa majina.

Mwezi wa Agosti 1939 Salvo aliingia katika jeshi hilo kwa mapenzi yake mwenyewe. Alikuwa hajatimiza miaka 19. Mwezi uliofuata vita kubwa ikaanza katika Ulaya. Mwaka wa 1940 Mussolini, aliyetawala Italia siku zile kwa mabavu, akaiingiza nchi yake katika vita upande wa Wajerumani. Vijana wengi wa Italia wakapelekwa mbali kupigana. Hawakuulizwa kama wanapenda ama hawapendi.

Vita hiyo ilifika Afrika pia. Mwaka wa 1941 askari wa Kongo walikwenda Ethiopia kupigana na Waitalia, wakauteka mji wa Saio. Salvo hakuwa huko. Yeye alipelekwa Libya mwishoni mwa mwaka wa 1940. Libya ni nchi ya mchanga na jua kali, na siku zile ilitawaliwa na Waitalia. Huko akajeruhiwa mguu. Alipotibiwa akarudi kwa wenzake. Baadaye homa ya malaria ikamshika, kama inavyowashika watu wengi wa Afrika, ikampunguza nguvu.

Mwaka wa 1942 alirudi Italia. Wakubwa wake walikuwa wamekwisha kuona kwamba kijana huyu anaweza kuongoza wengine. Wakampeleka katika shule ya mji wa Firenze. Akasoma kwa bidii, akashinda. Mwisho wa mwaka huo akapewa cheo cha kuongoza askari wachache, karibu sawa na cheo cha sarja. Kisha akapelekwa katika kijiji cha Torrimpietra, kadiri ya kilometa 30 kutoka Roma.

3. Kijiji cha Torrimpietra

Torrimpietra kilikuwa kijiji cha wakulima. Si mbali na hapo kuna kijiji kingine, Palidoro, na mbele yake ni bahari. Pwani umesimama mnara mzee wa mawe. Zamani walinzi walipanda juu yake kutazama kama maadui wanakuja kwa merikebu.

Salvo aliwapenda watu wa huko, nao wakampenda. Alikuwa na bunduki na cheo, lakini hakuwatisha watu. Siku ya Mungu alikwenda Misa pamoja nao. Jioni aliandika barua kwa wazazi wake. Katika barua moja alimweleza mama yake kwamba inafaa mtu akubali mapenzi ya Mungu, hata yakimletea uchungu na sadaka kubwa. Alipoandika maneno hayo hakujua kwamba siku ya kuyatimiza imekaribia.

4. Nchi bila ulinzi

Mwaka wa 1943 vita ilikuwa imewachosha Waitalia. Njaa ilizidi, mabomu yalivunja miji, na mama wengi walilia watoto wao. Mwezi wa Julai Mussolini akaondolewa. Tarehe 8 Septemba watu wakasikia katika radio kwamba Italia imeacha kupigana na Waingereza na Wamarekani. Wengine walicheza kwa furaha, wakidhani vita imekwisha.

Lakini vita ilikuwa haijaisha. Majeshi ya Wajerumani yalikuwa yamejaa katika nchi. Jana walikuwa rafiki, leo wakawa maadui. Walikasirika sana, wakaona Waitalia wamewasaliti. Siku ya pili mfalme na wakubwa wa serikali wakaondoka Roma. Majeshi ya Italia yakabaki bila amri. Askari wengi wakavua nguo za jeshi, wakavaa nguo za raia, wakarudi kwao. Wajerumani wakaushika mji wa Roma na vijiji vinavyouzunguka.

Salvo angaliweza kwenda zake pia. Napoli haikuwa mbali sana, na mama yake alikuwa akimngoja. Lakini watu wa Torrimpietra wangalibaki na nani? Nani angaliwalinda na wezi, na nani angalisema kwa ajili yao mbele ya Wajerumani? Mchungaji hakimbii kundi siku anapoonekana chui. Salvo akabaki, pamoja na nguo zake za askari.

5. Bomu la Palidoro

Karibu na ule mnara wa pwani kulikuwa na nyumba ambayo zamani ilikaliwa na askari wa forodha. Wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka. Askari Wajerumani wakaingia wakalala humo. Jioni ya tarehe 22 Septemba 1943 walikuwa wakipekua vitu vilivyoachwa. Walikuta masanduku yenye baruti na mabomu ya zamani. Walipoyagusa, bomu moja likapasuka. Likaua, likajeruhi.

Ilikuwa ajali tu. Hakuna mtu wa kijiji aliyetega bomu hilo. Lakini Wajerumani hawakutaka kusikia neno la ajali. Walisema kwamba wenyeji wamewawekea mtego kwa siri. Wakataka mwenye kosa atolewe. Asipotolewa, wengi watalipa. Katika nchi nyingi za Ulaya watu walikuwa wakiuawa namna ile: askari mmoja akifa, wanachukuliwa watu kumi ama zaidi ambao hawakufanya kitu, wanapigwa risasi.

Asubuhi ya tarehe 23 Wajerumani wakafika Torrimpietra. Walimtafuta mkubwa wa askari wa kijiji. Siku hiyo mkubwa hakuwapo, na Salvo alishika nafasi yake. Ndiye aliyepaswa kujibu. Wakamkamata, wakampiga, wakampeleka Palidoro.

Wakati huohuo askari wengine walikuwa wakizunguka njiani na mashambani. Waliyemkuta walimshika. Hawakuuliza jina wala kazi. Mmoja alikuwa akijenga ukuta, mwingine alikuwa akiuza mboga, mwingine alikuwa akipita tu kwenda kazini. Wakapatikana wanaume 22. Wakakusanywa mahali pamoja, huku bunduki zinawaelekea.

6. Shimo karibu na mnara

Wajerumani wakaanza kuwauliza watu mmoja mmoja, kwa njia ya mkalimani. Kila mmoja alijibu kwamba hajui neno, na kweli walikuwa hawajui. Salvo naye aliulizwa. Akajaribu kuwaeleza kwamba bomu limepasuka lenyewe, na kwamba watu hawa hawana kosa. Hawakumsikiliza. Wakamdharau, wakampiga tena, wakararua nguo zake.

Mtu aliyebanwa namna ile hujaribiwa sana. Salvo angaliweza kutaja jina la mtu fulani katika kijiji, yeyote, ili yeye apone. Angaliweza kusema kwamba yeye si wa huko, ametoka Napoli, mambo ya pale hayajui. Hakumtaja mtu. Alisimama kimya, mwenye utulivu uleule wa siku zote.

Baadaye watu wote wakapandishwa katika motokari kubwa, wakapelekwa karibu na mnara wa pwani. Huko wakapewa masepetu, wakaamriwa kuchimba shimo refu. Wasiokuwa na sepetu walichimba kwa mikono. Mwanzoni wengine walitumaini kwamba wanatishwa tu. Lakini shimo lilipokwenda chini, kila mmoja alifahamu: walikuwa wakichimba kaburi lao wenyewe. Wakaanza kulia na kuomba. Walikuwamo baba za watoto, walikuwamo vijana. Kule nyumbani wake zao walikuwa wakingoja, na chakula kimepoa.

Salvo alikuwa pamoja nao. Alitazama shimo, akatazama watu. Akahesabu moyoni mwake. Watu 22 na yeye, jumla 23, wangekufa saa ile kwa kosa ambalo halikuwapo. Haki haikuweza kuwaokoa tena, kwa maana waliokuwa na bunduki hawakutafuta haki. Walitafuta mtu wa kulipa. Wakimpata mmoja anayekubali kosa, labda watawaacha wengine.

Basi Salvo akamwita mkalimani, akasema na komanda wa Wajerumani. Akajitwika kosa lote peke yake. Akawaambia kwamba watu hawa wafunguliwe, kwa maana mwenye kujibu ni yeye.

Watu waliokuwa shimoni hawakufahamu lugha ya Kijerumani. Waliona tu kwamba askari wanawaamuru watoke. Wakatoka wakitetemeka. Wakaona wanaachwa waende. Wakakimbia mbio, wakavuka mashamba, bila kugeuka nyuma, kila mmoja akidhani atapigwa risasi mgongoni. Hakuna aliyepigwa.

Kijana mmoja tu alicheleweshwa. Wajerumani walidhani kwamba yeye pia ni askari wa jeshi la Salvo aliyevaa nguo za raia. Akawaonyesha karatasi yake ya kazi, wakaona kwamba ni mfanyakazi tu, wakamwacha. Huyu ndiye aliyemwona Salvo mara ya mwisho. Alimwona amesimama peke yake mbele ya shimo, wima, uso wake umetulia. Kijana akaondoka. Alipokuwa hajafika mbali akasikia bunduki zinalia nyuma yake.

Ilikuwa tarehe 23 Septemba 1943. Salvo D'Acquisto alikuwa na umri wa miaka 22. Hesabu hii ni ya ajabu: alikuwa ameishi miaka 22, akaokoa watu 22.

7. Watu hawakumsahau

Wajerumani walimfukia Salvo katika shimo lilelile. Baada ya siku kadhaa wenyeji wakaenda wakamtoa, wakamzika kwa heshima katika makaburi ya Palidoro. Hofu ilikuwa ingali kubwa, lakini hawakuweza kumwacha mchangani kama mnyama. Yeye hakuwaacha, nao hawakumwacha.

Wale watu 22 walirudi nyumbani kwao. Wakala chakula pamoja na watoto wao. Wakalima mashamba yao, wakajenga kuta zao, wakauza mboga zao. Wale vijana walioa, wakazaa, wakapata wajukuu. Kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba hizo baada ya siku ile ni tunda la sadaka ya Salvo.

Mwaka wa 1945 vita ikaisha. Mwaka uleule serikali ya Italia ikampa Salvo medali ya dhahabu, ambayo ni heshima ya juu ya askari shujaa wa nchi hiyo. Medali hupewa askari kwa sababu ameua maadui wengi, au ameteka bendera, au ameshinda mapigano. Salvo alipewa yake, na siku ile hakupiga hata risasi moja. Alishinda bila bunduki.

Mwaka wa 1947 mwili wake ukarudishwa Napoli, mji wake wa kuzaliwa. Tangu mwaka wa 1986 umelala katika kanisa kubwa la Santa Klara katika mji huo. Watu wanaoingia kusali wanasimama mbele ya kaburi lake: wazee, askari, na watoto wa shule.

Kanisa pia halikumsahau. Mwaka wa 1983 kazi ya kuchunguza maisha yake ilianza, ili kujua kama anastahili kuwekwa kati ya watakatifu. Mwaka wa 2017 Papa Fransisko aliamuru kwamba mtu aliyetoa uhai wake kwa hiari, kwa ajili ya kuokoa wengine, na aliyeishi vema kama Mkristu, anaweza kuitwa mwenye heri. Mwezi wa Februari 2025 Papa huyo alikubali kwamba Salvo D'Acquisto alitoa uhai wake namna hiyo. Tangu hapo Kanisa linamwita Mheshimiwa.

Wako watu wanaofikiri kwamba mtakatifu ni lazima awe padri, au sista, au mtu anayekaa mbali na dunia. Salvo alikuwa askari wa kijiji. Alivaa nguo za kazi, alishika zamu, aliandika barua nyumbani, aliugua malaria. Hakuchagua vita, wala hakuchagua bomu la Palidoro. Alichagua jambo moja tu: watu waliowekwa chini ya ulinzi wake wasife kama yeye anaweza kufa badala yao.

Uchaguzi huo haukuanza mbele ya shimo. Mtu hawezi kujitoa kwa saa moja, kama miaka yote iliyotangulia alijitafutia faida yake mwenyewe. Ulianza siku za utoto, katika nyumba ya Napoli, mzaliwa wa kwanza alipongoja wadogo wake washibe. Uliendelea njiani, siku ya baridi, alipovua viatu. Ukaendelea kijijini, mwezi wa Septemba, alipokataa kukimbia. Mbele ya shimo Salvo alifanya jambo kubwa, kwa maana alikuwa amekwisha kuzoea kufanya madogo.

Maulizo

1. Salvo alizaliwa wapi, na mwaka gani?
2. Kazi ya Carabinieri ni nini wakati wa amani?
3. Kwa nini askari wengi wa Italia walirudi kwao mwezi wa Septemba 1943? Kwa nini Salvo alibaki?
4. Bomu la Palidoro lilipasuka namna gani? Wajerumani walidhani nini?
5. Salvo alifanya nini ili kuwaokoa wale watu 22?
6. Taja mambo madogo mawili ambayo Salvo alifanya kabla ya siku ya kufa kwake, yanayoonyesha moyo uleule.
7. Eleza kwa maneno yako: askari anaweza kushinda namna gani bila kupiga risasi?